Kisiki cha Katikati ya Mto

Kabla ya mafuriko, kila Jumapili alasiri Komora na mkewe Mwanajuma walipanda mtumbwi wao wakatembea tu mtoni, bila wavu wala mzigo, majirani wakiwacheka. Komora alikaa nyuma akiongoza. Mwanajuma alikaa mbele, na kila walipokipita kisiki kilichosimama katikati ya mto, alikipiga kofi kukisalimu.

Leo maji yalikuwa yameshuka, wakarudi mtoni. Lakini macho ya Komora nayo yalikuwa yamezimika. Alimkabidhi mkewe kafi, akapapasa hadi mbele, akaketi.

Walipofika kwenye kona, Komora alisikia maji yakianza kuvuta.

“Mama Jillo, tumekaribia kisiki. Kipitie kushoto, usije ukatutosa.”

Mwanajuma akatazama. Mto ulikuwa mweupe, mtupu. Mafuriko yalikuwa yameking'oa kisiki na kwenda nacho.

“Nimekiona, Baba Jillo,” akasema.

Akazamisha kafi, mtumbwi ukapinda kushoto, ukapazunguka polepole pale pasipokuwa na kitu.

Kule mbele, Komora akatabasamu, akaegemea ubavu wa mtumbwi, akanyoosha kiganja chake. Leo ilikuwa zamu yake.