Ripoti ya Vali

Simu ya tisa ilipolia, dada wa mapokezi hakusema tena "karibu." Alisikiliza kidogo, akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia Gundi.

"Na huyu naye ameiona."

Gundi ni jina walilompa pale kazini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuunganisha vitu visivyotaka kuungana. Kampuni iliuza mashine za oksijeni za kutumia nyumbani. Kwa miaka mingi taarifa za wateja zilikaa kwenye mfumo mmoja na nyaraka zote kwenye mfumo mwingine, kama ndugu wasiosemezana. Karani akitaka mkataba wa mteja afungue huku, atafute kule, ajaribu nywila tatu, atukane kimoyomoyo. Gundi alipewa miezi mitatu aipatanishe mifumo hiyo, ili mteja akifungua ukurasa wake mtandaoni akute kila waraka unaomhusu.

Jumatatu hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Wateja walifungua kurasa zao wakakuta mkataba, risiti na kijitabu cha maelekezo. Chini yake wakakuta pia ripoti ya karakana ya mwaka uliopita, kurasa mbili. Ilisema kwamba vali ya mashine za toleo la pili hukwama baada ya miezi kumi, na hewa hupungua bila kengele kulia. Mwishoni paliandikwa kwa herufi nzito: Mteja asijulishwe.

Wateja mia nne na kumi na wawili.

Mkurugenzi alishuka kwa ngazi, lifti aliiona inamchelewesha. Shati lilikuwa limemchomoka upande mmoja.

"Nani kaufungua huu waraka?"

Ofisi nzima iliinamia kibodi.

"Ni mimi," alisema Gundi. "Kuna kisanduku cha kuficha nyaraka za ndani. Nilisahau kukiwekea tiki."

"Ulisahau."

"Nilisahau, bosi. Nisamehe."

"Tiki! Mwanangu yuko darasa la tatu, anaweka tiki siku nzima hajawahi kusahau hata moja!"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Gundi alikuwa analia, si kwa sauti, machozi tu yanashuka naye hayafuti. Dada wa mapokezi akashindwa kuvumilia.

"Bosi, huyu kachoka. Tangu mwezi wa pili hali vizuri, halali. Kila siku namwambia pumzika, jamani, hasikii la mtu."

Mkurugenzi akamwambia Gundi akusanye vitu vyake, barua ya kusimamishwa kazi itamfuata.

Lakini waraka ukishasomwa haufichiki tena. Kabla ya saa sita mchana magari mawili ya kampuni yalikuwa yameanza kupita nyumba kwa nyumba, yakichukua mashine za toleo la pili na kuacha mpya. Gundi aliyaona yakitoka getini, yeye akiwa amesimama kando ya barabara na boksi lake: kikombe, sweta, chaja mbili. Alipaswa kwenda nyumbani. Akashika njia nyingine.

Anwani hakuiandika popote. Aliijua kwa moyo.

Nyumba ilikuwa nyuma ya gereji ya matairi, ghorofa ya pili, mlango wa bluu. Mama aliyefungua alikuwa mshonaji. Futi ya kupimia ilimning'inia shingoni na midomo ilibana pini mbili. Gundi akajitambulisha: anatoka kwenye ile kampuni, yeye ndiye fundi aliyeunganisha mifumo, na leo amesimamishwa kazi kwa kosa la kusahau kuificha ripoti.

Mama akatoa pini mdomoni. "Ingia, mwanangu."

Mashine ilikuwa bado pembeni ya kitanda, imefunikwa kitambaa alichokishona mwenyewe, cha maua madogo. Mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliitumia kwa karibu mwaka mzima. Alifariki tarehe kumi na tisa ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, mashine ikiwa imewashwa.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema Gundi, machozi yakimtoka tena.

"Wa nini? Wa ile ripoti? Nimeisoma leo, mara nne." Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamvuta akae naye. "Nikwambie kitu sijamwambia hata dada yangu. Asubuhi ile nilitoka kuanika nguo. Dakika ishirini, nikapiga na soga kidogo na jirani. Niliporudi, mzee wangu hayupo. Daktari akasema mapafu yalikuwa yamechoka. Mimi nikajua ni mimi. Wiki zote hizi, nikishika kibanio cha nguo tu, nalia."

Gundi aliinamisha kichwa.

"Leo ndiyo mara ya kwanza nimeanika nguo bila kulia," mama aliendelea. "Vali. Kumbe ni vali! Mashine imekaa kimya, haikuniita. Sasa wewe unalia nini? Umesahau kitu kidogo tu, na kusahau kwako kumenitua mzigo. Na wale wengine, bado wako hai, nasikia wanaletewa mashine mpya. Wakikufukuza kazi wakufukuze, mimi nitakuombea mpaka nife."

Akampangusa machozi kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto.

Gundi akaushika ule mkono, akaushusha.

"Sikusahau, mama," alisema. "Niliifungua makusudi. Na nilikuwa nimeisoma tangu mwezi wa kwanza."