Komeo la Mzee Soli

Mzee Soli alichomoa komeo mlangoni, akaliweka begani kama jembe, akatoka. Saa tatu asubuhi, jua limeshakasirika. Leo meneja wa maji angemjua yeye ni nani.

Lilikuwa komeo la chuma kizito, refu kama mguu wa mtu mzima, na mwishoni lina tundu la pembe nne. Mdogo wake ndiye aliyemletea, wiki ile alipoachishwa kibarua cha kuchimba mitaro ya mabomba. "Komea nalo mlango, kaka. Ila usilitoe nje. Siku hizi vyuma vinaibwa." Marehemu mkewe alilipenda. Kila jioni alilipitisha mlangoni akisema, "Haya, mwizi na aje achoke mwenyewe."

Mwizi hakuja. Kilichokuja ni kuhara.

Bomba la mtaa lilikuwa limekauka mwaka wa pili sasa. Ofisini walibandika karatasi ukutani: ukame, maji hayatoshi, wananchi wavumilie. Mzee Soli, fundi viatu aliyeishia darasa la tatu, aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, na hakudanganyika. Ukame gani huu unaojua mipaka ya mitaa? Ng'ambo ya barabara maji yalitoka mchana kutwa. Huku walichota kisimani, hatua kumi kutoka vyooni. Mwenye nacho alinunua maji safi kwenye mkokoteni wa mdogo wake Mzee Soli. Asiye nacho alichemsha ya kisima, na mkaa ukiisha alikunywa hivyo hivyo.

Mkewe alikunywa hivyo hivyo.

Siku ya msiba mdogo wake alileta madumu sita bure, akalia kuliko watu wote.

Miezi minne tangu hapo, kila Jumatatu, Mzee Soli alikwenda ofisini na chupa ya maji ya kisima. "Nimekuletea kinywaji, bosi." Meneja alitabasamu, akamwambia aandike barua. Lakini jana tabasamu lilimwisha. "Mzee, siku za mkeo zilikuwa zimefika tu. Usitusingizie sisi."

Ndiyo maana leo hakubeba chupa.

Kwenye kona alikutana na mdogo wake akisukuma mkokoteni, madumu yamejaa hadi shingoni.

"Kaka! Na hilo komeo unakwenda wapi?"

"Kwa meneja."

Mdogo wake aligeuza mkokoteni palepale, akamfuata mbio, madumu yakigongana. "Kaka, utafungwa! Mzabe makofi, nami nitakushikia miguu yake. Ila chuma nipe!"

"Niache."

"Basi chukua fimbo! Nikukatie fimbo nzuri, kaka, ya mpera!"

Wanawake waliopanga ndoo kisimani waliangua kicheko. Mzee Soli hakucheka. Waliobaki duniani wa kumwonea uchungu walikuwa hawazidi mmoja, na ndiye huyu anayehema nyuma yake, kamasi zinamtoka, hadi mlangoni pa ofisi.

Meneja alipoona chuma, aliingia chini ya meza na suti yake.

"Toka humo!" Mzee Soli alikishusha chuma mezani, kikombe cha chai kikaruka. "Leo utaniambia. Nani aliyefunga maji yetu? Nani aliyemuua mke wangu?"

"Ukame, mzee wangu! Ni ukame!"

"Ukame wa babu yako!"

Fundi bomba wa ofisi alikuja mbio kuamua ugomvi, kisha akasimama ghafla kama aliyekanyaga msumari. Hakumtazama Mzee Soli. Alitazama chuma. Alikinyanyua polepole kutoka mezani, akakigeuza, akatia kidole kwenye lile tundu la pembe nne, akalipima.

"Bosi, toka," alisema. "Ukame umekwisha."

Kichwa cha meneja kilichungulia.

"Ufunguo wa koki kubwa ya mtaa wao, huu hapa. Tangu koki ifungwe na ufunguo uibiwe kule mitaroni, tunaandika barua huko juu tuletewe mwingine, mwaka wa pili huu hakuna jibu." Fundi alimgeukia Mzee Soli, macho yanang'aa kwa furaha. "Mzee, Mungu akubariki. Umeutoa wapi?"

Mzee Soli aligeuka kutazama mlangoni. Palikuwa na mkokoteni peke yake, na dumu moja lililolala ubavu, likimwaga maji safi mavumbini.