Sekunde Kumi na Tano

Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, kwa hiyo kitabu cha gari alikisoma kwa jicho moja.

"Hapa wameandika kumi," alimwambia fundi. "Toka kusimama mpaka mwendo wa mia, sekunde kumi. Ni kweli?"

Fundi alikuwa na yadi ya magari yaliyotumika, na swali hilo lilikuwa limeshamchosha. Wanaouliza ni wale wanaotafuta cha kujisifia baa. Namba za kitabuni hupimwa gari likiwa jipya, barabara imenyooka, dereva mwembamba asiye na hata mkoba. Gari likishapita mikono mitatu, namba hizo ni porojo tupu. Mteja mwingine angeambiwa aulize breki, aache ujinga. Huyu hakuambiwa hivyo. Fundi alimtazama shingoni, akaona alama za vidole vinne upande mmoja na ya kidole gumba upande wa pili.

"Dada, nani kakufanyia hivi?"

"Mume wangu." Alisema bila kupandisha sauti. "Mwezi uliopita nilikimbia na kaka yangu, kwenye gari lake. Hatukufika mbali. Mume akatugonga nyuma na gari lake mara tatu. Mara ya tatu bati likaingia ndani, likamvunja kaka miguu yote miwili. Mimi alinitoa kwa kunivuta nywele. Magari yote mawili yakaja kuvutwa. Safari hii nataka namba ya kweli, fundi, hiyo ya kitabu siitaki. Akinipata tena ananiua. Ameshaniambia, na yeye hana mzaha."

Fundi mwenyewe alishamzika dada yake. Marehemu naye alikuwa na gari, kimeo kisichopanda mlima, mumewe akalifikia kwa miguu. Akavunja kioo kwa spana ya magurudumu, kisha akaendelea kupiga na hiyo hiyo spana. Fundi ndiye aliyeitwa kwenda kuutambua mwili, akautambua kwa viatu.

Wakatoka na gari mpaka barabara ya nyuma ya viwanda, pamenyooka, hapana watu. Dada akashika usukani, fundi akashika simu ya kupimia muda. Dada akakanyaga mafuta mpaka chini. Gari likanguruma weee, likajivuta.

"Kumi na tano," fundi alisema.

Wakarudia. Kumi na tano na nusu. Wakarudia tena, kumi na tano.

"Limechoka," alisema fundi, na aibu ilimshika kweli. "Twende nikuonyeshe lile jekundu. Lile nimelipima mwenyewe, ni nane. Nitakupa kwa bei ya hili hili."

"Jekundu hapana."

"Dada yangu, nane na kumi na tano hapo ni kufa na kupona."

"Najua, fundi. Nachukua hili."

Fundi hakubishana naye. Aliona amemwelewa: anayekimbia hakimbii na gari jekundu linaloonekana toka mtaa wa tatu. Hili lilikuwa la kijivu, na magari ya kijivu yamejaa kila kona.

Karatasi zilihitaji siku mbili. Siku hizo mbili fundi alifunga geti, akaifungua injini. Mpira wa turbo ulikuwa umechanika, chujio la hewa limeziba vumbi, nozeli zimejaa uchafu. Alibadilisha vyote bila kuombwa na mtu. Vidole vilichubuka, akaitukana ile injini matusi yote anayoyajua, na kila boliti aliikaza akijiambia ndiyo shingo ya yule mwanamume. Asubuhi ya siku ya tatu akalipeleka barabara ya viwanda peke yake. Kumi. Kumi kamili, kama siku lilipotoka kiwandani. Akakaa ndani ya gari akalia, mtu mzima na mvi zake.

Dada alipokuja hakuwa na muda. Jicho lilikuwa limefumbuka nusu, ila sasa mdomo ndio uliopasuka. Alitia sahihi, akapokea funguo.

"Nimelisafisha kidogo," fundi alimwambia. Alitaka kusema zaidi, lakini aliogopa dada ataona anahurumiwa. Mguu wenyewe utamwambia akikanyaga.

"Asante, fundi. Mungu akulipe."

Akaliondoa taratibu kama aliyepakia trei za mayai. Nje kulikuwa na foleni ndefu, hakupata hata nafasi ya kuweka gia ya tatu.

Siku ya nne tangu alichukue, gari lilirudi. Fundi aliutambua mlio wake toka mbali, akatoka mbio anafuta mikono, uso umejaa furaha. Bonati ilikuwa imekunjamana. Taa moja haipo, na bampa ilikuwa na rangi ya bluu ya gari jingine. Akashuka mwanamume mkubwa, ngumi zimechubuka, shati limetapakaa damu ambayo haikuwa yake.

Fundi akashika nyundo. "Mwenye gari hili yuko wapi? Umemfanya nini?"

"Mwenye gari ni mimi. Weka hiyo chini, nina haraka, ninyooshee hapa mbele." Yule mtu hakuonyesha hata kuudhika. "Mke wangu alikuwa kwenye gari la rafiki yake, keshaniacha mbali kabisa. Nikakanyaga, likaruka kama jipya, nikamkuta kabla ya daraja."

Akalipigapiga gari paani kwa mapenzi.

"Langu la kwanza lilikufa siku nilipomgonga kaka yake. Nikamwambia, umeliua wewe, utaniletea lingine. Na hili, fundi, alinichagulia mwenyewe."