Pipa Chini ya Kilima

Siku ya tisa, pipa lilikuwa tupu tena. Vaileth alilipiga teke, kisha akajiona mjinga, mhandisi mzima mwenye ovaroli safi anagombana na pipa. Ovaroli ilikuwa imefuliwa jana na Mbuke, mama mwenye nyumba aliyopanga. Mbuke alimfulia kila siku, kiangazi hiki ambacho Nyarugusu nzima inanunua maji kwa dumu.

"Umeme unapita," alisema Theonest, fundi wake. "Nimepima mara tatu."

"Unapita unakwenda wapi?"

Swali lenyewe lilikuwa limeshachakaa.

Juu yao kulikuwa na kilima cha udongo wa mfinyanzi, kimelowa ndani kwa ndani. Chini yake, wodi ya wazazi ya zahanati. Mvua zikikikuta hivyo, kitashuka na kuifukia wodi. Dawa yake Vaileth aliijua: unachomeka nondo kule juu, mabomba ya chuma yenye matundu huku chini, unapitisha umeme ardhini. Umeme unayasukuma maji hadi kwenye mabomba, yanatiririka pipani, udongo unakaza. Alishaifanya kwingine ikakubali. Hapa pipa halikuwa na habari naye.

Kila siku saa mbili asubuhi, kama mwongozo ulivyotaka, alitumbukiza fimbo ya kupimia. Kila siku ilitoka na unyevu wa kidole kimoja.

"Una hakika hakuna aliyechezea mitambo?"

"Dada Vaileth, mimi nalala kule juu, ubavuni mwa jenereta. Hakuna hata aliyeisogelea."

Simu ikaita. Bosi alikuwa Geita mjini, na alitaka lita, hakutaka maelezo. Kama pipa bado ni tupu, jenereta ipelekwe Buseresere leo hii, wenzake wanaisubiri.

Vaileth alitamani kuomba wiki moja zaidi. Lakini aombe kwa ushahidi gani?

"Ni tupu," alisema. Akakata simu.

Kufikia saa nane lori lilikuwa limeshaondoka na jenereta, nondo, mabomba na pipa lenyewe. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa ziwa. Alikwenda kumuaga Mbuke, na haikuwa rahisi, maana mkwe wa Mbuke alikuwa mle wodini akisubiri kujifungua.

"Shikamoo mama. Kazi imetushinda. Wabeja, asante sana kwa kunifulia."

"Marahaba mwanangu." Mbuke alikuwa anaanua ovaroli ya pili. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga bati. "Na lile pipa, mmelichukua?"

"Limeshaondoka na lori."

"Basi mmetuonea, sisi akina mama tulikuwa tumeshalizoea. Maji yake hata sabuni hayali. Na kila alfajiri tunalikuta limefurika."