Gurudumu la Nne

"Gundi haijashika, nipe dakika tano," fundi alimwambia mteja bila kuinua kichwa. "Gurudumu la nne ndilo hili nalipiga msasa."

Alipogeuka, mteja hayupo na gari la mbao halipo.

Haraka zake alishazizoea. Huyu alikuwa mteja wa kurithi: marehemu baba yake fundi alimwachia bintiye karakana, patasi mbili butu na bwana huyu wa koti lenye unyevu hata jua likiwaka. Zamani alimwita fundi dada; siku hizi humwita mama. Kila mwaka, siku ileile, huja kuchukua zawadi ileile: gari dogo jekundu la kuvuta kwa kamba.

"La mwanangu. Leo anatimiza miaka mitano."

Mwaka wa kwanza fundi alimpongeza. Wa pili alidhani amesikia vibaya. Wa tatu akaelewa, na moyo ukamuuma: mtoto asiyevuka miaka mitano ni mtoto aliyezikwa. Hakuuliza tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Leo, mteja alipofika tu, fundi alimwambia kwamba macho yamechoka, karakana anaifunga. Mteja alishtuka.

"Usinifanyie hivyo, mama. Nilimwahidi. Nilichelewa mara moja tu."

Maneno hayo yalimkaa fundi kifuani. Alitia gurudumu mfukoni, akatoka. Nyumba aliijua kwa kutajiwa: nyuma ya stesheni, mlango wa kijani. Njiani alipanga la kusema. *Mwache mtoto apumzike, baba.* Alilirudia mara tatu, na kila mara aliona aibu. Nani amwambie mzazi neno kama hilo?

Mlango ulifunguliwa na babu wa mvi tupu, ameegemea fimbo.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta gurudumu. La gari la mtoto."

"Marahaba." Babu alilipokea, akaligeuzageuza. "Kumbe magari haya yana fundi!"

"Samahani, mwenyewe yupo? Baba wa mtoto?"

"Mtoto ni mimi, mwanangu. Siku niliyotimiza miaka mitano, Baba alitoka na mvua kwenda kunichukulia gari langu. Hakurudi."

Akasogea kumpisha. Ukutani, rafu kwa rafu, magari mekundu yalijipanga hadi darini. La mwisho lilikuwa limeinama upande mmoja kwa kukosa gurudumu, na chini yake sakafu ilikuwa imelowa.