Jino la Fimbo ya Mohamadi

Hayrat aliilaza fimbo juu ya fuawe na kumwambia mhunzi aitie jino la chuma la kushika barafu. Nje, katika mtaa wa Mahabibo, joto lilikuwa limewalaza hata mbwa mtaroni. Mchangama aliacha mvukuto, akaitazama fimbo, kisha akamtazama mwenye fimbo.

"Barafu?"

"Barafu. Umewahi kuiona, fundi?"

"Mimi? Nimeiona zaidi ya mchanga."

Ukweli ni kwamba aliiona mara moja, kwao kisiwani Nosy Be, ikielea katika glasi ya Mfaransa mmoja pale mjini Hell-Ville, na kabla hajasogea vizuri ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Lakini alikuwa na miezi miwili tu tangu ahamie kutoka Ambanoro, kijiji chake cha huko kisiwani, na huyu alikuwa mteja wake wa tatu. Mhunzi mgeni haanzi kwa kutangaza asichokijua.

Hayrat hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Mumewe, Mohamadi, alikanyaga barafu mikono mitupu, akateleza, nyonga ikavunjika. Tangu mwaka jana yuko kitandani, na fimbo hii ameichonga hapo hapo kitandani, kwa mti wa mkwaju. Sasa wazungu wa huko wamempa mtoto wao, Fahardine, nafasi ya baba yake. Anaanza Jumatatu.

"Akivunjika na huyu, nitakuwa na wanaume wawili kitandani na sufuria tupu jikoni," alisema. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bweni," alijibu, kwa neno la kwao la kumwita mama wa heshima.

Alielewa sana. Uhuru ulikuwa katika mwaka wake wa pili, na kila mwezi kijana wa mtu alipanda meli kwenda Ufaransa. Mchangama aliwaza milima myeupe na upepo unaokata masikio, akamhurumia mama wa watu.

"Nitalifanya refu kama kidole," alisema. "Lizame mpaka ardhini."

"Ardhi ya wapi? Chini ya barafu kuna mbao. Akiwatobolea mbao zao watamfukuza."

Mchangama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekumbuka. Wafaransa hawa! Kumbe wametandika mbao nchi nzima! Alitamani kuuliza walizipata wapi, lakini aliyeiona barafu zaidi ya mchanga angeulizaje?

Alikata kipande cha springi ya lori bovu, akakinoa, akatoboa mwisho wa fimbo kwa msumari wa moto na kukigongomea ndani.

"Tutajuaje kama linashika?" Hayrat aliuliza.

"Kwa sabuni," Mchangama alijibu upesi. "Barafu na sabuni ni ndugu, bweni. Uliza yeyote aliyesafiri."

Hayrat alimtazama kidogo, kisha akatuma mche wa sabuni uletwe. Akalaza ubao uani, akausugua kwa sabuni kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwaga maji, povu likajaa.

"Panda."

"Mimi?"

"Ulitaka nimpandishe Fahardine, avunjike kabla ya siku yake?"

Mchangama akapanda. Hatua ya kwanza ilikwenda salama. Katika ya pili jino liliyumba, mti ukapasuka, naye akaanguka chali, miguu juu.

"Fundi!" aliita Rabiata, muuza sambusa wa jirani. "Siku hizi unaoga na nguo?"

Hayrat aliinama juu yake. "Nyonga vipi?"

"Nzima."

"Basi fanya tena."

Safari hii hakuwa na haraka. Alikata sehemu iliyopasuka. Akakata pete kutoka bomba la maji, akaichoma mpaka ikawa nyekundu, akaivisha mwisho wa fimbo. Moshi ulipofuka aliimwagia maji; pete ikasinyaa na kuubana mti, hata ungetumia koleo isingetoka. Ndipo akagongomea jino, fupi, nusu ya kidole. Akapanda ubao, akaenda, akageuka, akarudi, kisha kwa madaha akasimama kwa mguu mmoja katikati ya povu. Rabiata akampigia vigelegele.

"Inafaa," alisema Hayrat, akachukua fimbo yake.

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, Mchangama alikwenda kumuaga kijana. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa. Alimkuta Fahardine yuko mlangoni tayari, ndani ya sweta mbili na soksi za sufu zilizofika magotini, jasho likimtiririka. Kutoka kitandani Mohamadi aliinua mikono na kuomba dua, wote wakaitikia amina.

"Usikimbie," Hayrat alimwambia mwanawe. "Jino kwanza, mguu baadaye. Baba yako alianza na mguu."

Mchangama hakuweza tena. Alimkumbatia kijana, akalia mpaka kofia ikamdondoka, akamtia bahasha mfukoni.

"Mpe binamu yangu aliye huko, Soulé. Ni miaka mingi hatujapata habari zake. Mwambie mama yake bado yu hai."

"Nitamtafuta, fundi," alisema Fahardine, akishangaa kidogo machozi yale yote.

Wakamtazama akikata kona, fimbo ikigonga njia, ko, ko, ko.

"Moyo wako wa chuma, bweni," alisema mhunzi, akijifuta kwa mkono wa kanzu. "Hata chozi moja?"

"Nina maharage motoni."

Saa sita mchana Fahardine alirudi kula, nyonga zote mbili nzima. Alipitia kwanza kwa Mchangama kumrudishia bahasha.

"Nimeuliza chumba hadi chumba, fundi, mpaka kwa msimamizi," alisema. "Pale kiwanda cha barafu hakuna mtu anayeitwa Soulé."