Vitone Vyeusi Ukutani

Mwalimu Murhula alipitisha mwale wa leza katika matundu matatu madogo kuliko ya sindano. Ukutani pakatokea duara jekundu lenye vitone vyeusi.

"Hapo kwenye vitone, mwangaza unazima mwangaza," aliwaambia wanafunzi. "Meza ikitulia, navyo vinatulia."

"Citoyen, vinatembea," mwanafunzi mmoja alimwambia mwalimu.

Kweli, vilitembea viwili viwili, vikikutana na kutoweka.

"Nani anatikisa meza? Nione mikono yenu yote juu."

Mikono yote ikapanda. Hakuna aliyegusa meza, lakini vitone vikazidi kukimbizana.

 Mwalimu alitazama dirishani, kwenye mlima wa volkano uliokuwa ukifuka moshi kama siku zote, kisha akasema polepole:

"Mwenye mama yake iko Kibati, kule chini ya mulima, asishushe mukono."

Ikashuka mikono miwili tu.